Macho ya Shangazi Kwenye Ukuta wa Ghala

Kabla rangi haijagusa ukuta, mimi huchora kwanza kwa makaa. Nachora mkono peke yake, halafu chungu, halafu mgongo wa mtu aliyeinama, narudia mpaka kiganja changu chenyewe kizoee njia. Nilifundishwa hivyo chuo cha ualimu na sikuwahi kuacha, hata pale majirani zangu wa Shinyanga mjini waliponicheka kwamba namaliza makaa ya kupikia kwa kuchafua karatasi. Wao walitaka picha itokee papo hapo, kama chai ya hotelini. Nakiri sina subira na watu. Subira yote niliyopewa imeishia kwenye michoro.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Siku za kazi nilifundisha shule ya msingi, na mwisho wa juma niliandika vibao vya maduka na kuchora ng'ombe kwenye milango ya bucha. Habari zikafika kijijini kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Mwenyekiti wa kijiji kile akanitumia ujumbe: wamemaliza kujenga ghala la pamba, wanategemea wageni kutoka wilayani baada ya mavuno, na wangependa ukuta wa mbele uwe na picha ya akina mama wakiwa kazini. Nilikubali siku ileile. Ukuta wenyewe haukunivutia sana. Kilichonipeleka ni maneno niliyokuwa nikiyasikia juu ya Shangazi.

Zamani aliishi kwenye boma lake, limezungukwa na uzio wa minyaa, na jirani ulimpata kwa kupaza sauti. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa mstari, na mlango wa Shangazi ukajikuta unatazamana na milango ya watu asiowajua. Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, na habari zake zilifika kwa midomo ya wapita njia. Mwaka huo mtoto wa nyumba ya jirani alikufa kwa surua. Baadaye kidogo dume la kulimia la mtu mwingine likaanguka zizini. Na Shangazi alikuwa na macho mekundu. Kwetu hayo matatu yakikutana kwa bibi kizee mmoja, watu huacha kuuliza maswali. Kiangazi hichohicho, kijiji cha ng'ambo ya mto, bibi mmoja mwenye macho kama yake alikutwa amekatwa mapanga ndani ya nyumba yake. Kila mtu alijua na hakuna aliyemtaja mtu. "Lisemwalo lipo," walisema. Mpaka leo methali hiyo naichukia.

Nilifika wakati wa likizo ya shule, na mfuko wa karatasi za saruji nilizokuwa nimezikung'uta vumbi na kuzinyoosha kwa pasi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umekonda hivyo, mjini hawali?"

Alikuwa mdogo wa umbo, mkali wa ulimi, na jikoni kwake kulijaa moshi kiasi kwamba nilimsikia kabla ya kumwona. Miti ya upande ule ilikwisha zamani. Watu walipika kwa mabua ya pamba, na mabua yakiisha walipika kwa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Moshi wake ni mzito, haupandi, unakaa usawa wa uso wa mtu aliyechuchumaa. Nilikaa kidogo tu machozi yakaanza kunitiririka. Shangazi akacheka, akanisogezea bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa.

"Kula. Machozi ya mjini hayo, yatakauka."

Kesho yake nilianza kumchora. Nilichora mikono yake ikisonga ugali wa mtama, kanga yake ilivyokunjamana magotini, na mgongo wake ulivyopinda kuelekea mafigani. Hayo yalikuja kwa urahisi. Njia yangu ya kuhamishia mchoro ukutani ni ileile niliyofundishwa chuoni: unapitisha sindano juu ya kila mstari mpaka karatasi ijae vitundu, unaibandika ukutani, kisha unaigongagonga na kijifuko cha kitambaa chenye masizi. Ukiiondoa, mchoro umebaki ukutani kwa nukta nyeusi. Nilikuwa nimekwisha kutoboa kanga na sasa nahamia usoni, Shangazi akanishika mkono.

"Nichome kanga, nichome mikono. Uso acha."

"Ni karatasi tu, Shangazi."

"Najua ni karatasi. Hapo mlangoni wanapita watu. Wakiona unanichoma sindano usoni watasema nakurithisha uchawi."

Niliudhika, maana bila vitundu uso ungebidi niuchore ukutani kwa mkono mtupu, na uso ndio mahali ambapo kosa dogo linaua picha nzima. Lakini alikuwa na haki. Basi ikabidi niujifunze uso wake kama mtoto anavyojifunza kuandika. Kila siku nilichuchumaa jikoni na kipande cha bua lililoungua, nikamchora na kumchora tena. Pua niliipata. Mashavu niliyapata. Macho yalinishinda. Kila nilipoyamaliza yalikuwa macho ya mtu mwingine, mtu aliyelala vizuri. Ikanibidi nisogee karibu na kuyatazama kama daktari. Kope zilikuwa zimevimba na kujikunja kwa ndani kidogo, kwenye pembe kulikuwa na unyevu usiokauka, na jicho lenyewe alilifungua nusu, hata alipokuwa uani kwenye mwanga mzuri. Nilipoacha kuchora macho nikachora kope na unyevu, akatokea Shangazi.

Aliyekuwa anakuja pale jikoni kila siku ni mke wa jirani, mama yake yule mtoto aliyekufa kwa surua. Alikuja kuomba moto, akichukua kaa moja juu ya kigae, na kila mara alisalimia kwa heshima, "Mwangaluka, mayu," na Shangazi akamjibu. Nilijua nyumbani kwake wamemkataza kuja. Hakuwahi kueleza kwa nini anakuja, na sikumwuliza. Siku moja nilimwomba akae nimchore. Alikuwa binti hasa, labda alimzidi umri kidogo tu mwanafunzi wangu wa darasa la saba. Nikachora harakaharaka kabla hajaitwa. Nilipofika machoni mkono ukaenda wenyewe: kope zilizovimba, unyevu pembeni, jicho nusu. Nikadhani nimechora kwa mazoea. Nikamtazama tena. Sikuwa nimekosea.

Alipoondoka niliziweka zile karatasi mbili chini, ubavu kwa ubavu. Nyuso zilitofautiana kwa zaidi ya miaka arobaini. Macho yalikuwa ya mtu mmoja.

Tangu hapo nikawa sishikiki. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiomba kuchora wanawake mbele ya mafiga yao: mama mkwe wa yule binti, wasichana waliotumwa kupuliza moto, mke wa mwenyekiti mwenyewe. Wengine walinicheka, wengine walikaa kwa adabu kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Wasichana wadogo macho yalikuwa yameanza kuiva pembeni tu. Wenye watoto wawili watatu yalikuwa mekundu kabisa. Wazee yalikuwa kama ya Shangazi. Wanaume wa nyumba zilezile, ambao hukaa nje mpaka chakula kiive, macho yao yalikuwa meupe kama ya ndama. Jioni moja nilichukua kipande cha kioo cha Shangazi nijitazame. Nilikuwa nimekaa kwake wiki chache tu, na yangu yalikuwa yameanza.

Hapo picha ikajipanga yenyewe. Ingekuwa safu ya wanawake wamechuchumaa mbele ya mafiga, kuanzia msichana mpuliza moto mkono wa kushoto mpaka Shangazi mkono wa kulia, moshi mmoja ukiwapitia wote usoni, na macho ya kila mmoja yakiwa mekundu kuliko ya aliyemtangulia. Sikutaka sifa kwa wageni wa wilayani. Nilitaka mtu aje kupima pamba yake, ageuze shingo, aone mkewe, binti yake na Shangazi kwenye moshi mmoja, kisha arudi nyumbani akimwacha bibi wa watu alale bila kusikiliza mlango. Niliamini kabisa kwamba picha inaweza kufanya hivyo.

Rangi za dukani zilikuwa hadithi miaka ile. Nilitumia chokaa, masizi, bluu ya kufulia na udongo mwekundu wa kichuguu, nikavikoroga na maziwa yaliyokwisha kusukwa, ili rangi ishike ukuta. Shangazi alilalamika kila nilipochukua kibuyu.

"Ukuta unakunywa maziwa, na watoto wa watu wanakunywa maji."

Kabla ya kwenda ghalani nilifanya mchoro wa mwisho nyumbani, wenye rangi. Uso wa Shangazi, na kwenye macho nikagusa ule udongo mwekundu kwa ncha ya kijiti. Aliuchukua, akaenda nao mlangoni kwenye mwanga, akautazama kwa muda.

"Haya uliyaona?"

"Niliyaona."

"Mimi nayaona kila asubuhi kwenye maji ya mtungi. Lakini siyabandiki ukutani."

Nikamweleza nilivyopanga. Nikamtandazia michoro yote sakafuni, kuanzia msichana mpaka yeye. Alipita juu yake polepole kama mtu anayekagua mahindi yaliyoanikwa. Akasimama kwenye mchoro wa mke wa jirani na kuguna.

"Masikini. Na yeye." Kisha akanirudishia uso wake. "Sawa. Lakini wote, si mimi peke yangu."

"Wote, Shangazi."

Nilipaka kwa siku nyingi, juu ya meza mbili za shule zilizopandishwa. Miili ilitoka kwenye vitundu vya sindano, na nyuso zote, kwa kuwa sikutaka wa Shangazi tu uwe tofauti, nilizichora kwa mkono. Hazikukataa hata moja. Moshi nilitengeneza kwa chokaa na bluu kidogo, nikaupitisha safu nzima. Macho niliyaweka mwisho. Ni kazi bora niliyowahi kufanya maishani, na nasema hivyo bila aibu.

Siku ya kwanza watu walijaa. Watoto walipiga kelele wakitafuta mama zao ukutani na kuwapata. Wanaume walisimama nyuma, mikono nyuma ya mgongo. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe wote ni wachawi!" na kicheko kikalipuka. Nilicheka pia, kwa sababu nilidhani ndipo nilipotaka wafike. Mwenyekiti alikuna kidevu.

"Mwalimu, kazi nzuri. Ila ungewawekea macho ya kawaida."

"Hayo ndiyo ya kawaida, mwenyekiti. Kamtazame mkeo."

Hakupenda, lakini hakuniambia nifute.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kumalizia kona ya chini. Nilikuta chokaa imemwagika ardhini chini ya picha. Mtu alikuwa amechimba macho kwa ncha ya kitu cha chuma, mpaka tofali likaonekana. Alikuwa amechimba ya Shangazi peke yake. Msichana, mke wa jirani, mke wa mwenyekiti, wote walikuwa salama na macho yao mekundu. Mtu huyo alitazama safu nzima, akayaona yote niliyomwonyesha, kisha akachagua. Nilipiga kelele peke yangu pale ghalani, matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nani alifanya sikujua, na sijui mpaka leo.

Nilikwenda kumwambia Shangazi. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akamkabidhi jirani mmoja mwenye huruma mbuzi wake, na kabla jua halijawa kali tulikuwa barabarani tukisubiri gari la pamba. Hakugeuka nyuma. Mimi niligeuka. Mke wa jirani alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la Shangazi na kigae chake mkononi, na moto ulikuwa umezimwa.

Mjini niliishi nyumba ya kupanga yenye uwanja wa pamoja. Tulipikia barazani kwenye jiko la makaa, makaa yaliyoletwa na malori kutoka upande wa Kahama na Ushetu, ambako miti ilikuwa bado ipo. Makaa hayatoi moshi. Zahanati walimpa mafuta ya kupaka machoni. Mimi nilikuwa nimeacha kuchora. Nilikuwa na hasira na kila karatasi. Lakini siku moja baada ya mvua za kwanza alikaa barazani akichambua mchele, nikaona mkono wangu umeokota kipande cha kaa. Nikaanza kope, zile ninazozijua. Zikakataa. Nikasogea karibu kama zamani. Uvimbe ulikuwa umeshuka, unyevu ulikuwa umekauka, na jicho lilikuwa wazi lote, jeupe, lenye mishipa myembamba tu ya uzee.

"Unatazama nini?" akauliza.

"Macho yako yamepona."

"Yalikuwa hayaumwi. Yalikuwa yanapika."

Muda si mrefu akaja mtoto wa kaka wa marehemu mume wake, ameleta gunia la viazi na salamu. Alimwamkia, akainua uso, akabaki mdomo wazi. Alikula, akaaga. Nilipomsindikiza stendi akaninong'oneza, kwa heshima kubwa, kama anayeulizia dawa ya mzazi wake:

"Dada, mlimpeleka kwa mganga gani?"

"Mganga wa nini?"

"Wa kumsafisha. Wekundu wa macho umetoka wote. Lazima ni mtu mkubwa huyo."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikamweleza habari ya makaa na moshi, taratibu, kama ninavyoeleza kugawanya kwa darasa la tatu. Alitikisa kichwa akikubali kila neno, na mwisho akasema ananielewa, waganga wengine hawapendi kutajwa. Akarudi kijijini na habari yake. Kabla ya Krismasi tukaletewa ujumbe: bibi amesafishwa, anaweza kurudi nyumbani, na mwenyekiti anaomba mwalimu aje azibe ule ukuta, maana wageni wa wilayani waliahirisha na sasa wanakuja kweli.

Nilimwambia Shangazi kwamba sitakwenda na yeye haendi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwanangu akirudi kutoka Geita atanitafuta wapi? Na kaburi la mume wangu nimwachie nani? Nunua makaa, ng'wanawane. Nitapikia hayo."

Tulirudi na magunia ya makaa juu ya basi. Watu walikuja kumsalimia waziwazi, hata wale ambao zamani walipita upande wa pili wa njia. Walimtazama machoni, wakatazamana, wakaridhika. Nilikoroga chokaa na maziwa, nikaziba mashimo yale mawili, nikasubiri yakauke. Kisha nikafungua kopo la udongo mwekundu. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Weka nyeupe."

"Ukutani ulikuwa jikoni, Shangazi. Kwenye moshi."

"Najua nilikuwa wapi. Weka nyeupe. Nataka kulala."

Sikubishana naye. Mashimo yalikuwa yake, na usiku ulikuwa wake. Nikampa macho meupe, katikati ya moshi ule mzito, macho ambayo hakuna mwanamke wa kijiji kile aliyewahi kuwa nayo mbele ya mafiga. Ilikuwa picha ya uongo sasa. Yeye akaitazama, akanishukuru, "Wabeja," akaenda nyumbani kwake.

Nilikuwa nasuuza kijiti nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa mke wa jirani. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko nilivyoyachora. Hakumtazama mtu yeyote. Alinyoosha kidole kwenye safu, mahali alipokuwa amechuchumaa.

"Mwalimu, na yangu."

"Wewe bado kijana. Nani atakusema?"

"Nitazeeka," akasema.

Nikampa nyeupe. Nyuma yake alikuwa amesimama mama mkwe wake, ameshatoa kanga begani kujifuta uso. Nyuma ya huyo mke wa mwenyekiti, na wasichana wamesukumwa mbele na mama zao. Nilikwenda safu nzima na kopo la chokaa, nikirudi kutoka kwa wazee kuelekea kwa watoto, mpaka yule mpuliza moto wa mkono wa kushoto. Jua lilipozama hapakuwa na jicho jekundu hata moja kwenye ukuta wa ghala. Moshi hakuna aliyeniomba niuguse.